Ninajitolea Kasulu, mbali na kwetu: nitapataje marafiki wa kunishika mkono?

Binti wa Lindi

Habari zenu ndugu zangu, na wakubwa wangu shikamooni. Mimi ni mhitimu wa ualimu wa hisabati na fizikia, na tangu mwanzo wa mwaka huu ninajitolea katika shule ya sekondari ya kata, vijijini kabisa, wilaya ya Kasulu mkoani Kigoma. Kazi yenyewe ninaipenda. Shule ilikuwa haina mwalimu wa fizikia, wanafunzi wana hamu kubwa ya kujifunza, na wazazi wamekubaliana kunichangia posho ya chakula pamoja na chumba cha kuishi. Sina lalamiko lolote juu ya watu wa hapa, ambao wamenipokea kwa uungwana mkubwa.

Kinachonisumbua ni upweke. Nikipita njiani watu husimama kunisalimu, na nikihudhuria mkutano wa kijiji ninapewa kiti cha mbele, lakini jua likizama kila mtu anaingia kwake nami ninaingia kwangu, na hakuna anayebisha hodi mpaka asubuhi. Walimu wenzangu wengi wana familia zao, na wale wachache wasio na familia huondoka kwenda Kasulu mjini kila Ijumaa jioni. Nilipougua malaria hivi karibuni, hakuna aliyejua mpaka wanafunzi walipokuja nyumbani kuuliza kwa nini sikuingia darasani. Mama yangu yuko upande wa pili wa nchi: ni basi kutoka Lindi hadi Dar es Salaam, kisha reli ya zaidi ya kilomita 1,200 hadi Kigoma. Nikimweleza shida zangu kwenye simu, yeye hukosa usingizi na mimi sipati nafuu, kwa hiyo siku hizi ninamwambia tu kwamba niko salama.

Jambo la ziada ni kwamba mimi ni Mwislamu, na katika kijiji hiki karibu majirani zangu wote ni Wakristo. Ninasikia kwamba Ujiji kuna Waislamu wengi, ila huko ni mbali na siwezi kwenda kila wiki. Ninaomba kuuliza wale waliowahi kujitolea au kufanya kazi mbali na kwao: mlipataje marafiki wa kweli, wale ambao mtu akiumwa au akivunjika moyo anaweza kuwatumia ujumbe? Na nitamtambuaje mtu wa kumwamini, mimi msichana ninayeishi peke yangu, bila kupoteza heshima ya mwalimu?

Mwalimu Mstaafu

Marahaba, mwanangu. Nimesoma maneno yako mara mbili kwa sababu yamenigusa. Mimi ni Muha wa Kasulu, na nilikuwa miongoni mwa vijana waliopelekwa kufundisha vijijini mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati wa mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote. Nilipangiwa Nzega, mkoani Tabora, kwa Wanyamwezi, nikiwa sijui mtu hata mmoja. Baadaye nikawa mwalimu mkuu na nikapokea vijana wengi wa aina yako, kwa hiyo nitakueleza nilichokiona kwa wale waliokaa wakatulia na wale walioondoka kabla ya muhula kwisha.

Wewe umefika pale ukiwa mtu wa kutoa. Unatoa elimu, unatoa muda wako, na kijiji kizima kinajua kwamba hulipwi mshahara. Mtu wa namna hiyo huheshimiwa sana, lakini heshima hiyo ndiyo inayowafanya watu wasikubishie hodi, kwa kuwa wanaona tayari unawadai mno na wanaona haya kukuongezea mzigo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wenyeji wako wamekupa kiti na hawajakupa jembe, na mtu ambaye hajapewa jembe bado ni mgeni hata akikaa mwaka mzima. Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu: omba. Anza wewe kuwa na haja nao.

Mwombe mama wa nyumba ya jirani akufundishe kupika sombe kwa mawese jinsi wanavyoipika pale, kwa maana kisamvu cha kwenu Lindi huungwa kwa nazi na mikono yako haijazoea mawese. Azima jembe, ulirudishe likiwa safi, kisha uliazime tena. Muulize mwenyekiti wa kitongoji kama kuna kipande kidogo cha ardhi unachoweza kupanda maharage msimu wa mvua ukianza, na ukishakipata usijifanye unajua. Waache wakuonyeshe nafasi kati ya shimo na shimo. Mtu aliyekufundisha jambo hukuona wa kwake, kwa sababu amepata nafasi ya kukupa kitu nawe umekipokea kwa mikono miwili. Wewe ni mwalimu na unalijua hilo: mwanafunzi uliyehangaika naye kwenye hesabu ngumu unamkumbuka kuliko yule aliyefaulu bila msaada wako.

Jambo la pili ni salamu. Sisi Waha hatusalimiani kwa haraka. Utawaona wazee wakipiga makofi taratibu, wakiulizana habari za nyumbani, za watoto na za shamba, na mgeni anaweza kudhani kwamba wanapoteza muda. Hapo ndipo watu wanapopimana. Asubuhi ukimwambia mama mtu mzima «Mwakeye», ukasimama, ukangoja mpaka salamu iishe yenyewe, ndani ya wiki chache utasikia watu wakizungumza juu yako kwa namna nyingine. Kule Nzega nilijifunza kusema «Mwangaluka» kabla sijajua neno lingine lolote la Kinyamwezi, na mzee mmoja aliyekuwa akipita karibu na shule kila asubuhi ndiye aliyekuja kuwa baba yangu wa pili.

Jambo la tatu, misiba. Jirani akifiwa, usiishie kupeleka mchango na kukaa kwenye viti vya walimu. Nenda nyuma ya nyumba walipo akina mama, menya muhogo pamoja nao, chota maji, osha vyombo. Sijawahi kumwona mwalimu aliyefanya hivyo akapungukiwa na heshima. Nimeona kinyume chake: watu wanamtaja kwa jina lake badala ya kumwita mwalimu tu, na siku akikosekana kisimani mtu huuliza yuko wapi.

Muuguzi wa Kibondo

Dada, pole kwa malaria na hongera kwa moyo wako. Mimi nilianza kwa kujitolea katika kituo cha afya, na nimefanya kazi na wahudumu wengi wa kujitolea waliokuja Kibondo tangu kambi ya Nduta ilipopokea wakimbizi kutoka Burundi mwaka 2015. Ninakubaliana na mzee kwa sehemu kubwa, nami nitaongeza mambo ambayo yanamhusu zaidi msichana anayeishi peke yake.

Kwanza, usijilaumu kwa kuona kwamba mambo yanakwenda polepole. Mtafiti Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, katika utafiti wake uliotoka mwaka 2018, alikadiria kwamba mtu wa kufahamiana tu huhitaji kama saa 50 za kuwa pamoja ili awe rafiki wa kawaida, kama saa 90 ili awe rafiki hasa, na zaidi ya saa 200 ili awe rafiki wa karibu. Tena aligundua kwamba saa za kazini hazina uzito sawa na saa za mapumziko. Ndiyo maana unaweza kukaa ofisi moja ya walimu na mtu muhula mzima na bado msijuane. Sasa piga hesabu, wewe ni mwalimu wa hisabati: ukikutana na jirani saa mbili kwa wiki, saa 50 zitatimia baada ya nusu mwaka, ukikaa naye saa moja kila jioni mkichambua maharage, zitatimia kabla ya miezi miwili. Kwa hiyo tafuta jambo dogo linalojirudia na uache kungojea sherehe.

Mimi jambo hilo nililipata kwenye kikoba, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana. Akina mama hukutana kila wiki kwa siku na saa ileile, wananunua hisa, na vikundi vingi huwa na mfuko wa jamii, fedha kidogo zinazowekwa kando kwa ajili ya mwanachama aliyeugua au kufiwa. Maana yake ni kwamba ukiwa mwanachama na ukaugua, kuna watu ambao ni wajibu wao kuja kukuona, na usipofika siku ya mkutano utaulizwa siku hiyohiyo. Kwa posho yako, chagua kikundi chenye hisa ndogo, na ueleze mapema kwamba muda wako wa kukaa pale hauna uhakika, ili mkubaliane kuingia mwanzo wa mzunguko na kutoka mwisho wake watakapogawana.

Pili, gawanya mzigo wako. Mtu wa kukupeleka zahanati usiku, mtu wa kulia mbele yake, na mtu wa kukueleza mambo ya kijiji yanavyokwenda si lazima awe mmoja, na ni hatari akiwa mmoja. Mtu wa zahanati awe jirani wa karibu kabisa, mwenye familia, mwenye simu inayopatikana, mwambie waziwazi, «Mama, mimi ninaishi peke yangu, usiponiona nje hadi saa mbili asubuhi, naomba ugonge mlango wangu.» Hakuna mama atakayekataa ombi la namna hiyo. Mtu wa kumweleza yaliyo moyoni mchague polepole. Mwambie kwanza jambo dogo lisilo na madhara, uone kama litabaki kwake au litakurudia kwa mdomo wa mwingine.

Tatu, na hili ninalisema kwa uzito wote: mwanamume anayekuja kukusaidia kila wakati ukiwa peke yako, na hakusaidii watu wakiwapo, kaa naye mbali hata kama ni mtu mwenye cheo. Usipokee lifti za usiku, usikope fedha kwa mtu anayekataa kuandikishiana, na urafiki wowote wenye kufichwa usiukubali. Urafiki mzuri vijijini huonekana: mnakaa barazani, mlango uko wazi, watoto wanapita katikati yenu.

Kijana wa Mwambao

Kwa heshima zote kwa mzee na kwa dada muuguzi, ninaomba kutofautiana kidogo. Mimi ninajitolea katika masuala ya afya kwenye kijiji cha wavuvi kusini mwa Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika. Wenyeji wangu ninawapenda na tunaishi vizuri, lakini kuna mambo ambayo jirani hawezi kuyabeba hata akitaka. Ukichoka na kazi, ukianza kujiuliza kama kujitolea kwako kuna faida yoyote, au ukiona wenzako mliohitimu pamoja wameajiriwa wakati wewe unasubiri posho ya wazazi, utamwambia nani? Ukimweleza mzazi wa mwanafunzi wako, atadhani unamlaumu yeye. Maneno hayo yanamhitaji mtu aliye katika hali kama yako.

Mimi na wenzangu wachache wa kujitolea, walio katika wilaya mbalimbali za Kigoma na Tabora, tumewekeana jioni moja ya wiki ya kupigiana simu. Tumekubaliana kwamba kila anayeleta shida aeleze pia anachofikiria kufanya wiki inayofuata, kwa sababu tuliona kwamba tukilalamika tu kwa zamu, kila mmoja anakata simu akiwa na mzigo mzito zaidi. Mtafute hata mwenzako mmoja mliyesoma naye chuo.

Nyongeza moja tu kuhusu muda. Kila mahali pana saa zake za urafiki, nawe huna budi kuzijua. Huku kwetu wavuvi wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza, na siku za mbalamwezi hupumzika, wakashona nyavu na kuzungumza. Mgeni anayewatembelea wakati wa giza hukuta watu wamelala mchana kutwa na hudhani wanamkwepa. Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, ilikuwa miezi migumu ya kipato kwa familia nyingi, na waliokaa na watu katika kipindi kile, wakawa nao bila chochote cha kuwapa, hawajasahaulika. Huko Kasulu kwenye kilimo, ninaamini kiangazi ndicho chenye nafasi. Wakati wa kupalilia usitegemee mtu kukaa barazani, mfuate shambani.

Mama wa Ujiji

Mwanangu, hawa wote wamesema vema, ila wamelisahau swali lako la dini, nami nitalijibu hilo kwa sababu linanihusu. Nilizaliwa na kulelewa Ujiji, nikaolewa Kasulu, na miaka yangu ya kwanza nilikuwa Mwislamu pekee katika mtaa mzima.

Kasulu mjini kuna misikiti na kuna akina mama wa Kiislamu walio na vikundi vyao vya darasa na vya kusaidiana. Usingojee mpaka upate nafasi ya kwenda kila wiki. Nenda Ijumaa moja shule ikifungwa, baada ya swala jitambulishe kwa akina mama, uwaambie unatoka Lindi na uko kijiji gani, uache namba yako. Utashangaa jinsi watakavyokuulizia wenyewe. Sisi wa Ujiji na ninyi wa pwani tuna undugu wa zamani ulioletwa na misafara ya biashara, na mtu wa Ujiji akisikia Kiswahili cha kwenu atataka kujua habari za huko.

Hapo kijijini usijitenge kwa sababu ya dini. Ramadhani ikifika, pika futari kidogo zaidi ya mahitaji yako na umpelekee jirani Mkristo sahani moja. Kwenu mnajua kwamba sahani ya jirani hairudi tupu, na huku ni vivyo hivyo. Mimi jirani yangu wa kwanza kunizoea alikuwa mama wa Kianglikana aliyeanza kuniletea ndizi jioni za mfungo, na alikuwa akiniamsha daku kwa kugonga dirisha kwa kuwa alijua sina mtu wa kuniamsha. Naye Krismasi ilipofika nilikwenda kumsaidia kuandaa wageni. Dini zetu zilibaki mahali pake, na watoto wetu wanaitana ndugu mpaka leo.

Neno la mwisho kutoka kwetu sisi wenyeji. Tukimwona mwalimu kijana ameingia ndani na kufunga mlango, na mwanga wa simu unaonekana dirishani, sisi huwa tunasema amechoka, tusimsumbue, au labda anazungumza na watu wake wa mjini. Hatujui kwamba analia. Toa kiti chako nje, mwanangu. Sahihisha madaftari ukiwa barazani. Wakija watoto watafuatiwa na mama zao.

Binti wa Lindi

Shikamoo mzee, shikamoo mama, na ahsanteni sana dada na kaka. Nimemtumia ujumbe mwenzangu tuliyesoma naye chuo ambaye anajitolea Urambo, na tumekubaliana kuongea kila Jumapili jioni. Jirani yangu pia nimemwomba anigongee asiponiona asubuhi, kwa maneno yaleyale ya dada muuguzi, na amenikemea kwa nini sikumwambia tangu nilipougua.

Nina swali moja lililobaki, hasa kwa mzee. Nikiomba shamba kwa mwenyekiti wa kitongoji, je, wazazi hawataona kwamba ninalalamikia posho wanayonipa? Najua wengine wanaitoa kwa shida, na sitaki waone haya.

Mwalimu Mstaafu

Marahaba, na swali lako linaonyesha kwamba una utu. Usianzie kwa mwenyekiti. Anza kwa mkuu wa shule, umweleze kwamba unataka kulima pamoja na watu na kwamba posho yako unairidhia, ili yeye awe wa kwanza kujua na asilisikie njiani. Kisha umwombe akupeleke mwenyewe kwa mwenyekiti, nawe uliseme mbele yao kwamba unaomba mahali pa kujifunzia kilimo cha maharage cha Kasulu. Ukipewa, omba kipande kilicho katikati ya mashamba ya wengine, hata kama ni kidogo na udongo wake si mzuri sana. Kile cha pembeni, chenye rutuba, mwachie mwenye watoto. Mbegu usinunue mjini. Muombe jirani yako akupe kibaba kimoja, na ukivuna umrudishie viwili.